Waliompigia Wanja Makofi

Walimpigia Wanja makofi ya kilo. Yale ya kuhesabiwa, kilo moja, kilo mbili, ukumbi mzima ukigonga mikono kwa pamoja. Wakati huo Wanja alikuwa amelazwa hospitalini Embu, mate yanamtoka asiweze kuyameza, kifua kinalia kama filimbi iliyoingia maji. Sababu ya kulazwa kwake ilikuwa imetajwa nusu tu mle ukumbini, ndipo Profesa Mbaabu, mwenyekiti wa kongamano, akainuka na kusema, "Basi huyo mama tumpigie makofi ya kilo." Wakapiga. Wengine walicheka kwa furaha, maana harufu ya pilau ilikuwa imeshaingia dirishani. Aliyekatizwa alikuwa Kagendo, mwanasayansi mdogo kuliko wote wa stesheni yetu. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake, kwa sababu kazi yangu siku hiyo ilikuwa kubeba maiki.

Nimestaafu mwaka huu. Si kwa umri, ni kwa kifua. Daktari aliandika hivyo na ofisi ikakubali haraka kuliko ilivyowahi kukubali jambo lingine lolote langu. Mliobaki pale ghalani na kule maabara mliniambia niwaandikie niliyoyaona. Haya. Mimi niliishia darasa la sita, kwa hivyo mkikuta sentensi imepinda inyoosheni wenyewe. Majina hayakupinda. Majina nimeyaandika kama yalivyo.

Niliingia stesheni ya utafiti nikiwa msichana bado, huku upande wa chini wa Embu ambako mvua inakuja ikitaka. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kanisani, vyeupe, kwa sababu niliambiwa ni kazi ya serikali. Nikapelekwa kupalilia mtama. Kufikia saa nne viatu vilikuwa na rangi ya udongo na havikurudi kuwa vyeupe tena. Mwanamke mmoja mwenye mabega mapana akaniangalia juu mpaka chini.

"Wewe, umekuja kuolewa ama kulima?"

"Kulima."

"Basi vua hivyo. Udongo hauna harusi."

Huyo ndiye Wanja. Hakuna karatasi iliyosema yeye ni mkubwa wa vibarua, lakini hata ofisa wa shamba alikuwa akimtafuta kwanza kabla hajatoa amri, asije akaitoa mara mbili. Ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kupepeta ndengu nikiupa upepo bega, si uso. Alinifundisha kubeba pampu ya dawa mgongoni na kutembea mstarini hatua ya kulingana, ili dawa isirundikane mahali pamoja. Alinifundisha kwamba ukishashika dawa, uso si wako tena mpaka uoge. Nzi akitua puani, mwache. "Nzi atakufa mwenyewe," alikuwa akisema, "wewe ukijipangusa mtakufa wawili."

Sisi wanawake ndio tulikuwa ghalani. Wanaume walibeba magunia nje na kuendesha trekta. Kuchambua mbegu, kuzipima, kuzifunga kwa pakiti na kuzipaka dawa kabla ya kupanda, hayo yalikuwa yetu. Walisema vidole vya wanawake ni vyepesi. Nimegundua kwamba kila kazi mbaya duniani ina sifa fulani ya mwili wa mwanamke iliyobuniwa kwa ajili yake.

Sasa niwaeleze kongamano, kwa sababu nyinyi mlioingia juzi mnadhani lilikuwa la kusoma tu. Kila mwaka stesheni za sehemu hizi zilikutana, mara Embu, mara Meru, kila mmoja aeleze alichogundua. Wiki hiyo mimi nilitolewa shambani kwa sababu ni mrefu na natembea upesi. Asubuhi nilipachika mabango kwenye korido, na mkutano ukianza nilishika maiki ya kupeleka kwa wenye maswali.

Kupeleka maiki kulikuwa na utaratibu wake. Haukuandikwa mahali, lakini ukikosea ulioneshwa jicho. Hutazami mkono ulioinuliwa kwanza. Unatazama kidole cha mwenyekiti. Kwanza maprofesa. Halafu wenye udaktari, wanaume. Halafu maofisa waliotoka mbali, ili wasiseme hawakuheshimiwa. Halafu mwenyekiti anatazama saa yake na kusema, "Muda ukiruhusu tutasikia akina mama na vijana." Kwa miaka yote niliyobeba maiki, muda haukuwahi kuruhusu. Kijana mwanamume angalau alikuwa na tumaini la kuzeeka. Lakini msichana aliyesoma, aliye mwanamke na bado mdogo, alikuwa ameangukia mwisho wa mistari yote miwili. Huyo alipewa meza ya kuandikisha wageni, au kengele ya kuwaambia wakubwa muda wao umeisha, nao hawakuisikia. Kazi yake ya mwaka mzima ilibandikwa kwenye bango koridoni, karibu na vyoo, ambako watu hupita wakiwa na haraka.

Mwanamke alishika maiki mara mbili kwa siku. Asubuhi kwa sala ya kufungua, na mchana kwa neno la shukrani. Mungu na pilau, basi.

Halafu akaja Daktari Nthiga. Alikuwa mtu wa suti hata shambani, na salamu zake zilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Alifanywa mkuu wa utafiti wa mbegu. Mwaka huo ilikuja dawa mpya ya mbegu, unga mwekundu laini kama poda ya mtoto. Tuliutia ndani ya pipa lenye mkono wa kuzungushia, pamoja na ndengu au mtama, tukazungusha mpaka mbegu zikawa nyekundu. Ukifungua pipa, unga unapanda. Zamani tulifanya kazi hiyo nje, upepo nyuma yetu. Nthiga akaja akasimama, akaona wingu jekundu linaenda zake upande wa barabara.

"Upepo unakula dawa," akasema. "Pelekeni pipa ndani. Fungeni milango na madirisha."

Wanja akamwambia, "Daktari, na sisi tutakuwa upande gani wa mlango?"

Nthiga akacheka. "Mama Wanja, nyinyi fungeni leso mdomoni. Mmezoea."

Tukafunga leso. Leso ni ya kubebea mtoto na kuvaa jikoni. Unga ule ulipita humo kama moshi unavyopita makuti. Tulitoka ghalani jioni machozi yanatiririka, mate yamejaa, kichwa kinagonga. Mmoja akitapika, tulimpa maziwa. Tuliambiana ni joto. Tulipozoea tukaanza kutaniana, nani leo amelia zaidi, kama tuko matangani. Nthiga naye aliandika kwamba stesheni yetu imegundua njia ya kuokoa dawa isipotee. Wakaiita njia ya ghala lililofungwa. Wakubwa walimsifu, na stesheni nyingine zikataka kuifuata.

Kagendo alikuja mwaka uliofuata, binti mwembamba wa Ruiri, ametoka chuo kikuu na sanduku moja la bati.

"Ruiri kule kwa ng'ombe?" Wanja akamuuliza.

"Kule kwa vumbi, mama."

"Vumbi unalijua? Basi karibu. La kwetu lina rangi."

Alipewa kazi ya kuchunguza kama mbegu zilizopakwa dawa zinaota vizuri. Angeweza kukaa maabara akasubiri tumpelekee. Yeye aliingia ghalani, milango imefungwa, akakaa na sisi. Hakumaliza asubuhi. Alitoka akakaa kwenye ngazi, kichwa katikati ya magoti, na aliporudi hakusema pole, aliuliza: nani aliwafungia?

Kuanzia hapo akafanya jambo ambalo hakutumwa. Alichukua mbegu zile zile na dawa ile ile, akatugawa. Kundi moja tulizungusha ndani kama kawaida. Kundi lingine alitutoa nje, akanyunyizia mbegu maji kidogo kwanza ndipo tutie unga, na unga ukashika mbegu bila kupanda. Akaandika nani alitoa machozi, nani alitapika, nani alihema vibaya. Halafu akapanda mbegu zote akangoja. Zikaota sawasawa. Yaani milango haikuokoa chochote. Maji kidogo yalifanya kazi ambayo vifua vyetu vilikuwa vinafanya.

Akampelekea Nthiga. Mimi nilikuwa napangusa madirisha ya ofisi, mlango uko wazi, kwa hivyo hili sikuambiwa, nililisikia.

"Kazi nzuri sana, Kagendo," Nthiga akasema. "Hii ya kuota ni nzuri. Utaiweka kwenye bango, Meru."

"Daktari, nilikuwa naomba dakika kumi ukumbini. Hii ya akina mama haiwezi kukaa kwenye bango. Stesheni nyingine zinataka kuanza kufunga milango msimu huu."

"Ukumbini naongea mimi. Wewe una miaka mingapi kazini? Hata mwaka hujamaliza."

"Lakini wanaumwa."

"Sisi ni watu wa mbegu, kairitu. Watu wana wizara yao."

Kairitu ni msichana mdogo, kule kwetu. Alimwita hivyo mtu mwenye shahada. Bango lilipotoka kuchapishwa, jina la Nthiga lilikuwa la kwanza, la mtu wa maabara la pili, na Kagendo wa mwisho. Habari ya sisi kutoa machozi haikuwemo. Kulikuwa na picha ya ndengu zilizoota.

Wanja alikuwa amepangiwa aende nasi Meru kusaidia na chai. Asubuhi ya safari hakuja. Walikuwa wamezungusha pipa siku iliyotangulia, mbegu nyingi za msimu, na wakati huo Kagendo alikuwa ametangulizwa Meru kuandaa meza ya kuandikisha wageni, kwa hivyo hakukuwa na wa kuwatoa nje. Mumewe alikuja getini akasema wamempeleka hospitali, hawezi kuvuta pumzi. Nthiga alikuwa ndani ya gari la stesheni tayari. Aliteremsha kioo, akasema, "Pole sana, mzee. Tutamwombea," akapandisha kioo. Mimi ndiye niliyempelekea Kagendo habari hiyo.

Hoteli ya kongamano kule Meru ilikuwa juu ya Makutano, malori yanapiga honi chini mpaka wasemaji wananyamaza yapite. Wakati wa chai Kagendo alisimama kando ya bango lake. Bwana mmoja wa stesheni nyingine akaja na kikombe.

"Dada, sukari iko wapi?"

"Sijui, mzee. Mimi niko na hii bango."

"Ni yako ama unamshikia mtu?"

"Ni yangu."

Akasoma majina, akaona la Nthiga juu. "Aa, unamshikia Daktari. Vizuri," akaenda kutafuta sukari.

Nthiga alizungumza ukumbini na picha zake, ghala limefungwa, mbegu nyekundu, mishale ya kuonesha dawa iliyookolewa. Alipomaliza, Kagendo aliinua mkono kule nyuma. Aliuinua kabla ya mtu mwingine yeyote. Mimi nilianza kwenda. Sikutazama kidole. Nilipofika katikati ya ukumbi Profesa Mbaabu akasema kwa maiki yake ya mezani, "Mama, hiyo maiki inapotelea wapi? Ilete huku mbele." Watu wakacheka. Profesa mmoja akaichukua akasifu. Daktari mmoja akauliza bei ya pipa. Ofisa mmoja wa mbali hakuuliza kitu, alishukuru kwa usafiri. Mkono wa Kagendo ulikuwa juu wakati wote huo, ameubadilisha, wa kulia umechoka ameinua wa kushoto. Halafu Profesa akatazama saa. Nthiga alimwinamia akamnong'oneza, naye akasema, "Yule binti tunamjua, ni wa Daktari Nthiga. Maswali ya nyumbani yataulizwa nyumbani."

Lakini walikuwa wamesahau kitu. Katika ratiba, neno la shukrani la siku hiyo lilikuwa limepewa Kagendo, kwa sababu neno la shukrani hupewa msichana. Alipoitwa, nilimpelekea maiki mwenyewe. Alikuwa na karatasi ya majina ya kushukuru. Aliikunja.

"Nashukuru wapishi," akasema. "Nashukuru madereva. Na nashukuru akina mama wa ghala la Embu, ambao Daktari hakuwataja. Mmoja wao anaitwa Wanja. Leo amelazwa, hawezi kupumua, na kilichomfikisha huko ni hiyo milango mliyooneshwa hapa, na msimu huu mnataka..."

Hapo ndipo Mbaabu alipoinuka na makofi yake.

Mimi nimefikiria sana kwa nini makofi. Angemwambia akae, watu wangejiuliza kwa nini. Angemzimia maiki, wangeona. Makofi hayana kosa. Nani atalaumu mtu kwa kumsifu mama mgonjwa? Kagendo aliendelea kuongea, nilikuwa kando yake na nilimsikia, akasema pipa, akasema maji, akasema fungueni milango. Mstari wa kwanza hawakumsikia. Kisha wakaenda kula. Nthiga alipita karibu nasi akamwambia kwa sauti ya upole, "Umejitahidi. Lakini neno la shukrani huwa fupi."

Wanja alifariki kabla msimu haujaisha. Kwenye mazishi stesheni ilituma gari na shada, na Nthiga akasimama akasema marehemu alikuwa nguzo. Mumewe alimuuliza mbele ya watu, "Daktari, mke wangu alikufa kwa nini?" Nthiga akasema kifua ni ugonjwa wa siku nyingi. Sisi wenye siku nyingi tulikuwa tumesimama pale, na hakuna aliyekuwa na kifua hicho kabla ya milango kufungwa.

Stesheni nyingine zilifunga milango yao. Najua, kwa sababu miaka iliyofuata nilikutana na akina mama wao kwenye makongamano, tukipanga vikombe. Mmoja wa kule juu Meru aliniambia wao wanatoa machozi mpaka wanaitana wajane. Nikamweleza habari ya maji kidogo. Akarudi, akamwambia mkuu wake, naye akamuuliza amesoma wapi hayo. Hiyo habari ilitakiwa itoke ukumbini, kwa mwenye shahada, mbele ya wakuu wote, siku moja. Badala yake ilitembea kwa miguu yetu, sinki hadi sinki, miaka.

Kagendo alihamishwa kutoka mbegu akapelekwa kuhesabu vifaa vya ofisi. Alivumilia, akachoka, akaondoka. Anafundisha kemia shule ya wasichana. Milango ya ghala letu ilifunguliwa mwishowe, siku wageni wa nje walipokuja kutembea na mmoja wao akakohoa. Alikohoa mara moja tu, bwana yule, na kesho yake tukaletewa barakoa za kweli. Mimi nilikuwa nimekohoa miaka.

Sasa kwa nini nayaandika leo na si jana. Ni kwa sababu Nthiga, ambaye siku hizi ni mstaafu mwenye nyumba nzuri kule Dallas, mtaa wa hapa hapa Embu mjini, na anaitwa kila mahali, amealikwa Embu kuwa mgeni wa heshima. Nimeona tangazo kwenye ukuta wa ofisi siku niliyoenda kurudisha funguo. Kongamano linahusu kuwapa wanawake na vijana nafasi katika sayansi. Mwenyekiti ni Mbaabu. Nililisoma nikalirudia, nikamuuliza mlinzi kama ni mzaha, akasema, "Hapana, mama, hata kutakuwa na keki."

Kwa hivyo nyinyi wasichana mlio maabara, na nyinyi wa ghalani, mtakaa viti vya nyuma mkisikiliza watu hawa wawili wakiwaeleza jinsi ya kupata nafasi. Nendeni, sikatazi. Lakini mimi nauliza, na nauliza kwa majina, ili asitokee wa kusema hakuulizwa.

Daktari Nthiga: ulikuwa na kazi ya Kagendo mkononi kabla ya Meru. Ulijua mbegu zinaota bila kutufungia. Kwa nini ulisimama ukaonesha ghala lililofungwa kana kwamba hujui, na Wanja umemwacha hospitalini asubuhi hiyo hiyo? Nani alitoa habari yetu kwenye bango, wewe au mwingine? Mtaje.

Profesa Mbaabu: ulinong'onezewa nini? Uliposimama kumkatiza, ulikuwa umesikia neno "hawezi kupumua" au hukusikia? Kama ulisikia, sema ulisikia.

Na wakuu wa stesheni, mliopo sasa: akina mama wa maghala yote yaliyofunga milango baada ya siku ile, waliougua na waliokufa, ni akina nani? Nani amewahi kwenda kuwauliza? Msiniambie mafaili yamepotea. Wao hawakupotea, wanakaa huku huku, wanajulikana kwa majina na kwa kukohoa.

Sitaki mnijibu mimi. Mumewe Wanja yuko hai, watoto wake ni watu wazima, na boma lao ni lile lile gari la stesheni lilipoleta shada, njia mnaijua. Njooni, Daktari na Profesa, nyote wawili, mkae mbele yao mchana, majirani wakiwepo, mjibu swali ambalo mzee yule aliuliza kaburini na bado linamngoja mwenyewe: mke wake alikufa kwa nini. Siku chagueni nyinyi. Mimi sina kazi sasa, nitakuwepo.